Siku Moja Bagamoyo na Wageni: Tathmini ya Huduma Niliyoikodi Mara Mbili

Anayeishi Dar es Salaam na kutembelewa na marafiki kutoka Ulaya hujikuta, ifikapo siku ya tatu au ya nne, ameishiwa na pa kuwapeleka. Makumbusho ya Taifa wameshayaona, Kariakoo wameshasukumwa vya kutosha, na Ngorongoro ina safari yake na bajeti yake. Hapo ndipo jina la Bagamoyo hutajwa. Mji huo uko kiasi cha kilomita 70 kaskazini mwa jiji, barabara ni ya lami mwanzo hadi mwisho, na mambo ya kuonyesha ni mengi kuliko saa za mchana. Katika mwaka mmoja nimewapeleka huko marafiki wa Leipzig mara mbili, kila mara kundi jingine, kwa kukodi gari, dereva na mwongozaji kutoka kampuni moja ndogo ya hapa jijini. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mengi ninayoyalalamikia ni mazoea ya biashara hii yote. Ninachopima ni bidhaa yenyewe, yaani safari ya siku moja inayouzwa ikiwa imekwisha kupangwa.

Nianze na fedha. Tulilipa shilingi 320,000 kwa gari la watu saba, pamoja na mafuta, dereva, mwongozaji na maji ya kunywa, na kwa kundi la watu watano bei hiyo si ya kulalamikia. Kasoro ilijitokeza langoni. Aliyepokea oda yangu kwa simu alinihakikishia kuwa kila kitu kimo, lakini tulipofika magofu ya Kaole tuliambiwa viingilio ni juu yetu, na kiingilio cha mgeni wa nje si sawa na cha Mtanzania. Aibu ya kuwaona marafiki wakitoa pochi baada ya mimi kuwatangazia kuwa siku hiyo ni wageni wangu ilinipata mimi, haikuipata kampuni. Mara ya pili niliomba mchanganuo wa gharama kwa maandishi na nikaupata ndani ya dakika kumi, jambo lililonionyesha kuwa walikuwa nao siku zote na kwamba hauletwi mpaka uulizwe.

Gari lilikuwa safi na kiyoyozi kilifanya kazi, ila mkanda mmoja wa kiti cha nyuma ulikuwa haufungiki. Mwenyeji angeketi hapo bila kuwaza. Mgeni wangu alisimama nje ya mlango, mpole lakini hatikisiki, mpaka tulipopanga viti upya na mimi nikahamia nyuma. Mara ya pili mkanda ulikuwa umetengenezwa. Dereva, mtu mzima mwenye subira, alikuwa bora kuliko vyote tulivyolipia. Alishauri tuondoke saa kumi na mbili asubuhi, nami kwa kuwahurumia wageni usingizi nikampuuza. Tukaondoka saa mbili, tukakwama Mwenge, tukakwama tena Tegeta, tukafika saa nne na nusu jua likiwa limekwisha kukomaa. Safari ya pili tulimtii, na saa mbili kasoro robo tulikuwa tumekaa Bagamoyo tunakunywa chai na vitumbua.

Tatizo kubwa la huduma hii ni ratiba. Karatasi tuliyopewa mara ya kwanza ilikuwa na vituo saba: magofu ya Kaole, Misheni ya Katoliki, ngome ya zamani, Boma la Wajerumani la mwaka 1897, soko la samaki, Chuo cha Sanaa na ufukwe. Ukigawa mchana kwa saba, kisha ukatoa chakula na njia, kila mahali panabakiwa na muda wa kushuka, kupiga picha na kuitwa garini. Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kinajulikana nchi nzima kwa ngoma na maigizo, lakini tulikuta jukwaa tupu kwa sababu hakuna aliyepiga simu mapema kuuliza kama siku hiyo kuna onyesho. Ufukweni tulifika saa kumi, maji yamekupwa, na wageni waliobeba taulo tangu asubuhi wakatazama tope na mitumbwi iliyolala ubavu.

Hili la maji lingeweza kuzuilika kwa kumwuliza mvuvi yeyote, au hata kwa kutazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ya upande huu hukupwa asubuhi, kuelekea saa nne na saa tano, kisha ikajaa alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Kwa hiyo safari ya pili niliipanga siku mbili baada ya mwezi mpevu, tukatembea Kaole asubuhi maji yakiwa mbali, na saa kumi wageni wakaoga bahari iliyojaa hadi juu. Kampuni inayouza fukwe inapaswa kulijua jambo hili kabla ya mteja.

Katika safari hiyo ya pili nilivifuta vituo vinne, nikabakiza Kaole, Misheni na matembezi ya miguu katika mji mkongwe, na jioni kuoga. Kampuni ilikubali bila kuongeza bei wala kupunguza. Kaole, iliyo kilomita chache kusini mwa Bagamoyo, ilipata karibu saa mbili zetu nzima. Pana misikiti miwili iliyobomoka, mkongwe zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo ambazo zamani zilipachikwa mabakuli ya kaure ya Uchina. Mtu akiwa na haraka huona kuta za matumbawe tu. Akipewa muda anasogea hadi kwenye mikoko na kuelewa kwa macho yake kwa nini mji ulihama: mikoko iliingia bandarini na vyombo vikakosa pa kutia nanga. Mgeni mmoja, ambaye amesoma Kiswahili chuo kikuu, alimwamkia mzee mlinzi wa pale, "Shikamoo, babu." Mzee akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu, umefundishwa na nani?" Kisha akatupeleka mwenyewe hadi kisimani, na robo saa aliyotupa haikuwa katika ratiba ya mtu yeyote.

Sasa mwongozaji. Ni kijana mchangamfu, Kiingereza chake ni kizuri, na anajua kuwashika watu masikio. Lakini hadithi zake zinahitaji kupimwa. Katika uwanja wa Misheni, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, pana mbuyu mkubwa uliomeza mnyororo, kimebaki kipande kifupi kinachochomoza kwenye gome kama ulimi. Mgeni wangu alikishika kwa vidole viwili, akauliza ni cha nini, naye kijana akajibu bila kusita kuwa watumwa walifungwa hapo. Maelezo ya Misheni yenyewe ni mengine: mnyororo ulikuwa wa kumfungia punda wa mama mmoja wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa. Kosa hilo si dogo, maana uwanja ule ndio uliokuwa na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na anayeondoka na hadithi ya kijana ameelewa mahali pale kinyume. Vivyo hivyo jina la mji. Alitueleza kuwa ni bwaga moyo, kilio cha mtumwa anayeacha roho yake bara kabla ya kuvushwa Zanzibar. Hakusema kwamba iko maana nyingine, ya mpagazi aliyetembea miezi kutoka Unyamwezi na pembe begani, akafika pwani, akabwaga mzigo na moyo ukatulia. Maana hiyo ya pili ina watetezi wengi miongoni mwa wanahistoria, na mgeni ana haki ya kuzisikia zote mbili.

Kwa sababu hiyo, mara ya pili nilimwomba kijana apumzike tulipofika Misheni, tukachukua mwongozaji wa palepale kwa malipo madogo. Alituonyesha mnara wa kanisa la kwanza, ambapo mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi, ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa Uingereza, na akakaa zaidi kwa watumishi wake Chuma na Susi na wenzao, walioubeba mwili huo kwa miezi mingi ya njia kutoka Chitambo, Zambia ya leo. Wageni waliuliza maswali hadi tukachelewa chakula.

Makaburi ya Wajerumani hayakuwa katika mpango wangu. Tuliyapitia kwa kuwa yako njiani. Wengi waliozikwa pale ni askari waliokufa wakati wa vita vya Abushiri, aliyewaongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, yeye mwenyewe akiwa amenyongwa Pangani Desemba 1889. Rafiki yangu alisoma maandishi ya jiwe moja kwa Kijerumani, kwa sauti ndogo, kisha akamtafsiria dereva kwa Kiswahili. Dereva akahesabu miaka kwa vidole. "Huyu hajafika hata thelathini, dada," alisema, na hakuna aliyepiga picha.

Chakula kinahitaji neno moja tu la tahadhari. Kampuni ina hoteli inayoipendelea, yenye chipsi na kuku wa kupoa chini ya vifuniko. Ukisema mapema watakupeleka kwa mama anayepika wali wa nazi, samaki wa kupaka na pweza karibu na soko la samaki, kwa chini ya nusu ya gharama. Mwezi wa Ramadhani usitegemee hilo mchana, na katika soko lenyewe waombe wageni waache simu mifukoni mpaka wavuvi waridhie.

Je, ningeikodi tena? Ningeikodi gari na dereva bila kuuliza mara mbili, na ratiba nisingeinunua hata kwa bure. Kati ya nyota tano ninawapa tatu, na nyota mbili kati ya hizo ni za dereva. Nimekwisha kumwomba Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi mpevu ujao, kuondoka saa kumi na mbili kamili, vituo vitatu, mchanganuo kwa maandishi.