Mguu wa kulia kwa kisu, wa kushoto kwa joto: uzoefu wangu wa kutibu mishipa iliyotuna miguuni

Kazi yangu ni kusuka nywele. Kwa miaka 22 nimesimama nyuma ya viti vya wateja, na kichwa kimoja cha rasta ndogondogo hula saa sita mfululizo. Nimezaa watoto watatu, na kila mimba iliniachia mishipa mipya iliyotuna. Mama anayo, bibi naye alikuwa nayo. Miguu yangu yote miwili imeshatibiwa, kila mmoja kwa njia yake, na wa kulia ikabidi urudiwe kwa njia ya tatu. Namwandikia mtu anayelala ameweka miguu juu ya mto, akijiuliza aende kwa nani na akafanyiwe nini.

Nianze na mguu wa kulia, uliotibiwa kwa kisu miaka 11 iliyopita.

Wakati huo mshipa ulikuwa umejipinda kama kamba kutoka ndani ya paja hadi chini ya goti. Jioni mguu ulikuwa mzito, kifundo kimevimba, na usiku msuli wa shavu la mguu ulikaza mpaka naamka nalia. Katika hospitali niliyokwenda, daktari alinitazama nikiwa nimelala kitandani, akabonyeza hapa na pale, akasema mshipa mkubwa wa juu, yaani ule wa karibu na ngozi, umeharibika na itabidi utolewe. Hakuna aliyenipima kwa ultrasaundi. Sikujua kama nilipaswa kuuliza.

Upasuaji wenyewe ni wa tangu zamani. Mjerumani Friedrich Trendelenburg alieleza jinsi ya kuufunga mshipa huo pajani mwaka 1891, na William Babcock wa Marekani akaleta njia ya kuuchomoa kwa waya mwaka 1907. Nami nilifanyiwa karibu hivyohivyo. Nilipewa nusukaputi, nikachanwa kwenye kinena, mshipa ukafungwa na kukatwa pale unapomwaga damu kwenye mshipa mkuu wa ndani. Kisha waya ukapitishwa ndani yake hadi kifundoni, na mshipa wote ukavutwa ukatoka. Matawi yaliyojipinda yalitolewa kwa vitundu vya milimita mbili tatu, ambavyo leo hata mimi mwenyewe sivioni.

Paja liligeuka zambarau, halafu kijani, halafu njano. Kupanda ngazi kulikuwa na maumivu kwenye kinena kwa siku nyingi, na wiki tatu sikushika kichwa cha mteja. Ila nisiudhulumu upasuaji huo. Mikazo ya usiku iliisha. Nilivaa gauni fupi kwa mara ya kwanza tangu mtoto wa pili, na nilikuwa na furaha ya kweli.

Baadaye nikagundua mambo mawili. La kwanza, upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, pana sehemu kama kiganja cha mtoto ambayo mpaka leo ina ganzi. Nikipaka mafuta naona mkono unapita lakini ngozi haisikii. Nimekuja kuelezwa kwamba chini ya goti neva ya hisia huenda sambamba na mshipa ule, imeugusa kabisa, na ukivuta mshipa hadi kifundoni unaweza kuijeruhi. Ndiyo maana siku hizi madaktari wengi wanaochomoa mshipa huishia karibu na goti. La pili liliniumiza zaidi: baada ya miaka minne, mishipa ilianza kutuna tena nyuma ya mguu uleule.

Nilipokwenda kutibiwa mguu wa kushoto nilikuwa nimebadilisha daktari. Huyu hata hakutaka kuniambia chochote kabla ya kipimo. Mtaalamu wa ultrasaundi alinisimamisha juu ya kijukwaa, akaniambia niegemee mguu mmoja na kuulegeza mwingine, akapaka jeli, akaanza kufuata mshipa kutoka kinenani kushuka chini. Kila hatua aliminya shavu la mguu kisha akaachia. Alikuwa mtu wa upole, akanigeuzia kioo nione. Alipominya, damu ilipanda ikiwa na rangi moja. Alipoachia, rangi ikabadilika: damu ilikuwa inashuka.

Akanieleza kwamba ndani ya mishipa hii kuna vali, vilango vidogo vinavyoruhusu damu kupanda kwenda moyoni na kuizuia isirudi. Vilango vikilegea, damu hurudi chini, inajaa, inatanua mshipa, na mshipa ukitanuka vilango vya chini yake navyo vinaachana. Damu ikirudi kwa zaidi ya nusu sekunde kwenye mshipa wa juu, hiyo huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Yangu ilirudi kwa sekunde tatu na zaidi. Ndiyo maana kupimwa umesimama ni muhimu: ukilala, uzito wa damu haupo na uvujaji unaweza kujificha. Aliangalia pia mishipa ya ndani kama kuna damu iliyoganda, sasa au zamani. Mishipa ya ndani ikiwa imeziba, hii ya juu huenda ndiyo njia pekee ya damu kupanda, na kuiondoa ni kumtendea mgonjwa vibaya.

Halafu akahamia mguu wa kulia, ule uliokwisha kufanyiwa upasuaji. Nyuma ya goti alipata mshipa mwingine, safena ndogo, unavuja wazi. Hakuweza kusema kama ulikuwa umeanza kuvuja zamani zile. Ila hakuna aliyewahi kuutazama. Nilikaa pembeni ya kitanda nikafunika uso kwa kanga. Nilikuwa nimejilaumu miaka yote, nikidhani mishipa imerudi kwa sababu sikuacha kazi ya kusimama.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma, ukifika kwa daktari usianze kuuliza leza au kisu. Uliza: nitapimwa kwa Dopla, yaani ultrasaundi inayoonyesha damu inakwenda wapi, nikiwa nimesimama? Mishipa unayoiona kwenye ngozi ni matawi tu, na bomba linalovuja huwa juu zaidi, ambako macho hayafiki. Njia yoyote ya matibabu ikielekezwa mahali pasipo sahihi, itashindwa.

Daktari alinipa saa nzima ya maelezo, na mengi yake yanalingana na mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2013: kwanza kuufunga mshipa kwa joto kutoka ndani, kwa leza au mawimbi ya redio, isipofaa, povu la dawa, isipofaa nalo, ndipo upasuaji wa kuchomoa. Soksi za kubana pekee huachiwa wale ambao matibabu mengine hayawafai. Wajawazito husubiri wajifungue kwanza, kwa sababu mishipa mingi hupungua yenyewe baada ya mtoto.

Aligusia pia gundi. Inaingizwa ndani ya mshipa kidogo kidogo na kuubandika, bila sindano nyingi za ganzi, na mara nyingi bila soksi. Nilivutiwa sana. Lakini mimi hubandika wateja kope, na gundi ile ikinigusa vidole huwasha na kuvimba. Nilipomwambia hivyo alisimamisha mazungumzo papo hapo. Gundi ya mishipa ni ya jamii moja na ya kope, na hii hubaki mwilini. Mwenye mzio asijaribu. Sidhani kama angelijua hilo nisingelisema, kwa hiyo mweleze daktari wako kila kinachokuletea upele, hata kama unaona hakihusiani.

Tukachagua mawimbi ya redio kwa mguu wa kushoto. Sikupewa nusukaputi. Nilikuwa macho, nasikia muziki wa chini. Ngozi ilitiwa ganzi chini ya goti, sindano ikaingia kwenye mshipa kwa kuongozwa na ultrasaundi, kisha katheta, mrija mwembamba, ikapandishwa mpaka sentimita mbili hivi kabla ya maungio na mshipa wa ndani. Hapo ndipo ilipokuja sehemu ngumu, na sitakuficha: maji ya ganzi. Ni maji ya chumvi yenye dawa ya ganzi na adrenalini, yanayochomwa pembezoni mwa mshipa kwa sindano nyingi, kutoka goti hadi kinena. Ya kwanza mbili tatu zinauma. Baadaye unasikia msukumo na baridi tu. Maji hayo yana kazi tatu kwa mpigo: yanaua maumivu, yanaubana mshipa uikumbatie katheta, na yanaikinga ngozi na neva dhidi ya joto.

Joto lenyewe sikulisikia. Ncha ya katheta, sentimita saba hivi, hufika nyuzi 120 kwa sekunde 20, kisha inarudishwa nyuma sehemu nyingine sentimita saba, na kadhalika. Karibu na kinena walirudia mara mbili. Nilihesabu kimoyomoyo kila ishirini, na kabla sijazoea kuhesabu wakasema wamemaliza. Mshipa hautolewi. Kuta zake zinasinyaa na kushikana, na mwili unaumeng'enya taratibu kwa miezi. Damu inatafuta mishipa mizima, ambayo iko mingi.

Nilivaa soksi pale pale mezani, nikashuka, nikaambiwa nitembee. Nilitembea ukumbini nusu saa. Kutembea ni sehemu ya tiba, maana hatari inayoogopwa zaidi ni damu kuganda kwenye mshipa wa ndani, na msuli wa mguu ukifanya kazi unaisukuma. Siku ya nne nilikuwa kazini, kwa saa chache, nikiwa nimekaa kwenye kiti kirefu. Kati ya siku ya saba na ya kumi paja lilikuwa na mvuto, kama kuna uzi umekazwa ndani ukinyoosha goti. Niliogopa, nikapiga simu, nikaambiwa ni mshipa unasinyaa. Ukapotea wenyewe. Lakini ningevimba mguu mzima ghafla, au kifua kikabana na pumzi kukatika, hilo si la kupiga simu na kungoja. Ni la kukimbilia dharura usiku huohuo. Wiki iliyofuata walinipima tena kuhakikisha damu iliyoganda haijachungulia kwenye mshipa wa ndani.

Ganzi ya kudumu upande wa kushoto sina.

Mguu wa kulia, ule wa nyuma ya goti, ulipata povu. Dawa ya maji huchanganywa na hewa kwa sirinji mbili zinazosukumiana mpaka iwe kama maziwa yaliyopigwa, kisha inachomwa mshipani na kuuharibu utando wake wa ndani. Ni dakika chache, sindano moja au mbili. Kwa wepesi inashinda zote. Lakini nilibaki na vinundu vigumu vya damu iliyonaswa, kimoja ilibidi kitobolewe kwa sindano kitoke, na mstari wa kahawia ulikaa miezi minane ndipo ukafifia. Povu pia nililazimika kurudia mara moja. Utafiti mmoja mkubwa wa Uingereza uliowafuata watu 798, matokeo ya miaka mitano yakachapishwa mwaka 2019, uliona waliotibiwa kwa leza au kwa upasuaji walikuwa na ubora wa maisha ulio juu kuliko wa povu. Kwa mshipa mkubwa wa paja nisingeanza na povu kama joto linapatikana. Kwa kona kama ile yangu, mahali palipokwisha kupasuliwa, lilinifaa.

Kuhusu soksi: pimwa asubuhi kabla mguu haujavimba, la sivyo utanunua kubwa. Kuzivaa kulinitoa machozi mpaka muuguzi aliponionyesha kuzipandisha kwa glavu za mpira za kuoshea vyombo. Glavu zinashika kitambaa, kucha hazikichani.

Mama ndiye aliyenifanya niandike yote haya. Kwa miaka miwili alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha ndani, ngozi imekuwa nyeusi na ngumu kama ganda, tunakisafisha na kukifunga, kinapona kidogo kinafunguka. Kila mtu alikiona kama kidonda. Hakuna aliyekitazama kama mshipa. Nilimpeleka kwa daktari wangu. Kabla ya kumfunga bendeji za kubana walimpima shinikizo la damu kwenye kifundo na mkononi, wakalinganisha, kwa sababu mtu mwenye mishipa myembamba ya damu inayotoka moyoni anaweza kuumizwa na bendeji hizo. Ya mama ilikuwa salama. Mshipa wake mkubwa ulivuja tangu kinenani.

Daktari alitaja utafiti wa mwaka 2018 ambapo waliofungwa mshipa mapema, pamoja na bendeji, vidonda vyao vilipona kwa wastani wa siku 56, na waliocheleweshewa siku 82. Mama akasema, basi na mimi nifungwe wiki hii. Ana miaka 71 na hakupewa nusukaputi. Nilimshika mkono wakati wa sindano za maji ya ganzi, akawa ananiuliza habari za wajukuu.

Kidonda kilifunga wiki ya tisa. Kila asubuhi naenda kwake kabla ya kufungua saluni, navaa glavu, nampandishia soksi, na ananyoosha mguu juu ya mapaja yangu niutazame.