Unataka farasi wa kuruka viunzi? Angalia mama yake kwanza: wafugaji wa damu vuguvugu nilivyowapanga mimi

Kila mwaka ikifika Septemba, Oktoba, simu yangu inaanza kuita, mara mtu yuko Nairobi, mara yuko Muscat, swali ni lile lile, "kaka nimeona mtoto wa farasi kwenye mnada wa onlaini, baba yake ni fulani, ninunue?" Na mimi kila mara najibu kwa swali, mama yake ni nani. Hapo kunakuwa kimya.

Nilianza kama saisi Nairobi, nikapiga brashi na kusafisha kwato miaka mingi, saa hii niko kaskazini mwa Ujerumani kwenye zizi dogo la farasi wa mashindano, kwa hiyo ninachoandika hapa ni vitu nimeshika kwa mkono. Nawapanga wafugaji na sehemu za kununua kuanzia namba moja hadi tano, ila mpangilio wangu haufuati nani ana medali nyingi. Naangalia kitu kimoja, je mnunuzi wa pesa ya kawaida anaweza kumjua mama wa farasi vizuri kabla hajalipa.

Kwa wale wapya kidogo: damu moto ni wale wa mbio na Waarabu, damu baridi ni wale wazito wa kuvuta mizigo, na damu vuguvugu ni hawa wa katikati waliotengenezwa Ulaya kwa kuchanganya farasi wa shamba na damu moto kizazi baada ya kizazi, mpaka wakatoka warukaji na wacheza dresaji, ile ya farasi kwenda kwa hatua za kupangwa, tunaowaona Olimpiki.

Sasa kwa nini mama? Fikiria hivi. Dume maarufu siku hizi hapandi jike kwa jike, mbegu zinachukuliwa, zinapozwa au zinagandishwa, zinasafirishwa, na kwa msimu mmoja anaweza kuzalisha majike mamia. Kwenye watoto mamia lazima watoke wawili watatu wa ajabu, hao ndio utaonyeshwa kwenye tangazo, wale wengine hutaonyeshwa. Jike anabeba mimba miezi 11, anazaa mmoja kwa mwaka, akizaa watoto 6 na 4 kati yao wanaruka mita 1.40 hiyo ni habari ya kweli, hakuna pa kujificha. Jina la dume kila mtu analilipia. Mama mzuri mara nyingi analipiwa nusu ya thamani yake kwa sababu wanunuzi hawamsomi.

Namba moja: wakulima wa Holstein

Hapa nitakaa kidogo maana ndiko moyo wangu uko. Holstein ni kaeneo kadogo kule juu ya Hamburg, nyasi za bondeni kando ya mto Elbe, upepo mwaka mzima, na wakulima wenye majike matatu, manne, pembeni ya ng'ombe. Mji wao wa ufugaji tangu zamani ni Elmshorn. Kitu walichofanya ambacho nakiheshimu kuliko vyote ni kuzipa namba koo za mama. Kila jike yuko kwenye ukoo wenye namba, na namba hiyo inatembea kutoka bibi kwenda mama kwenda binti, hivyo mkulima mzee hapa ukimwuliza habari za farasi hakutajii baba, anakutajia namba, na anakueleza yule bibi alikuwa na mguu gani na roho gani.

Wenyewe walikuwa karibu wazame. Miaka ya 1950 na 60 trekta zikaingia, farasi wa shamba hana kazi tena, ingawa walikuwa na Meteor, Mholstein mnene aliyepandwa na Fritz Thiedemann kwenye Olimpiki tatu, 1952, 1956 na 1960, na kuleta dhahabu ya timu mara mbili. Walichofanya ni kuleta damu kutoka nje kwa kipimo. Wakamleta Ladykiller, dume wa damu moto aliyezaliwa 1961, kwake akatoka Landgraf I mwaka 1966. Alafu 1971 akaja Cor de la Bryère kutoka Ufaransa, kijana wa 1968 ambaye kwao hawakumtaka awe dume la kuzalishia, na huku akawa ndio baba wa kuruka kwa mgongo wa duara na miguu ya mbele inayokunjwa vizuri. Ongeza Capitol I wa 1975 aliyeleta nguvu na ubavu. Hao watatu wakakutana na zile koo za mama zenye namba, na ndio maana leo ukifungua nasaba za warukaji wengi wa maana, Mbelgiji, Mholanzi, Mfaransa, ukirudi nyuma vizazi kadhaa unamkuta mmoja wao. Cassini I, yule mweupe wa 1988, ni mtoto wa Capitol I kwa jike ambaye babu yake ni Cor de la Bryère, yaani wamekutana humo humo.

Kwa mnunuzi faida ni hii: unaenda shambani. Unakunywa kahawa jikoni, mkulima anakupeleka malishoni, mama yuko pale, dada yuko pale, wakati mwingine na bibi yuko pale na mgongo umeshuka. Unaangalia miguu ya ukoo mzima kwa nusu saa. Hakuna video ya mnada inayokupa hicho. Ubaya wao ni kwamba baadhi wana kwato ndogo, na wapo wanaochelewa kukomaa, ukitaka farasi wa kuonyesha marafiki akiwa na miaka 4 utakata tamaa, huyu ni wa kumsubiri mpaka 7 au 8.

Namba mbili: Ubelgiji, yaani Zangersheide na Stal de Muze

Léon Melchior alikuwa mtu wa biashara ya ujenzi, akajenga zizi lake Lanaken mpakani na Uholanzi, na mwaka 1992 akaanzisha kitabu chake mwenyewe cha nasaba, na ile herufi Z unayoiona mwishoni mwa majina ni ya Zangersheide. Watu walimlaumu kwamba ana kichwa kigumu, mimi naona alikuwa na jicho. Alichukua Almé kutoka Ufaransa na Ramiro kutoka Holstein, lakini siri yake ilikuwa majike. Ratina Z, aliyezaliwa 1982, ni binti wa Ramiro Z kwa Argentina Z, na Argentina Z ni binti wa Almé Z. Huyo jike alichukua fedha ya mmoja mmoja na dhahabu ya timu kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992 akiwa na Piet Raymakers wa Uholanzi, alafu akahamia kwa Ludger Beerbaum wa Ujerumani na kushinda dhahabu ya timu tena Atlanta 1996. Wapanda farasi wawili, nchi mbili, jike yule yule. Mimi nikiona jina lake kwenye upande wa chini wa nasaba, ndiko huandikwa ukoo wa mama, nasimama nasoma mara mbili. Melchior alifariki 2015, binti yake Judy-Ann, ambaye mwenyewe ni mrukaji, anaendeleza.

Joris De Brabander wa Stal de Muze, Sint-Niklaas, naye ni wa aina hiyo hiyo, dume wake Nabab de Rêve ndiye baba wa Vigo d'Arsouilles aliyempa Philippe Le Jeune ubingwa wa dunia 2010 kule Kentucky, ila ukiongea na watu wa kule wanakusifia majike yake kwanza. Wabelgiji ni kati ya waliofanya kuhamisha kiinitete kuwa kitu cha kawaida kwa farasi wa kuruka, yaani jike yuko mashindanoni anaruka na huku mtoto wake anabebwa na jike mwingine. Kwa mnunuzi hii ni nzuri sana kwa sababu unapata mtoto wa mama ambaye rekodi yake bado mbichi. Tahadhari moja tu, jike mmoja sasa anaweza kuwa na watoto wengi kwa mwaka, kwa hiyo ile hesabu yangu ya mama inapungua nguvu kidogo. Uliza ana watoto wangapi na wangapi kati yao wanaruka.

Na kama una nauli, nenda Lanaken Septemba kwenye mashindano ya dunia ya farasi wachanga wa kuruka, miaka 5, 6 na 7. Siku tatu pale utajifunza kuliko mwaka mzima wa YouTube.

Namba tatu: Uholanzi

Kitabu chao cha nasaba, KWPN, ndicho kikali kwa ukaguzi. Wanapima miguu kwa eksirei, wanampa jike sifa kulingana na yeye mwenyewe na watoto wake, kila kitu kimeandikwa, hata kama hujui Kiholanzi unaweza kufuata. Majina yao kwa kawaida yanaanza na herufi ya mwaka wa kuzaliwa, Valegro ni V ya 2002, Explosion W ni E ya 2009, hivyo ukiambiwa farasi ana miaka 6 na herufi inakataa, uliza. Familia mbili za kujua ni Nijhof, waliokuwa na Voltaire na Heartbreaker, na VDL ya Wiepke van de Lageweg aliyekuwa na Nimmerdor. Big Star wa Nick Skelton, dhahabu ya Rio 2016, mama yake ni binti wa Nimmerdor. Umeona tena?

Wanaotaka dresaji pia waanzie hapa. Ila mkumbuke Totilas, dhahabu tatu Kentucky 2010 chini ya Edward Gal, mwaka huo huo akauzwa Ujerumani, akapata mpandaji mwingine, 2015 akastaafu bila kurudia ule moto. Hata farasi wa aina yake hauzwi pamoja na mtu anayemwelewa.

Namba nne: Paul Schockemöhle

Najua wengi mtashangaa kumwona hapa chini, maana pengine hakuna mtu hai aliyefanya makubwa zaidi kwenye biashara hii. Bingwa wa Ulaya mara tatu, 1981, 1983 na 1985, akiwa na farasi wake Deister, alafu baada ya Ujerumani mbili kuungana akachukua shamba la Lewitz kule Mecklenburg na kuijaza farasi maelfu. Chacco-Blue alikuwa wake, dume wa 1998 aliyekufa mapema 2012 lakini watoto wake wakampandisha juu kabisa ya orodha ya dunia ya madume wa kuruka, Explosion W aliyempa Ben Maher dhahabu ya Tokyo ni mmoja wao. Mnada wake wa PSI aliouanzisha 1980 na Ullrich Kasselmann ni wa wenye hela nzito.

Namweka namba nne kwa sababu ya kipimo changu tu. Kwenye zizi la maelfu wewe mnunuzi wa mtoto mmoja hupewi nafasi ya kukaa na ukoo. Ukiwa na mtu wa kukusaidia ndani, mpandishe huyu mpaka namba mbili.

Namba tano: Ufaransa

Selle Français, damu vuguvugu ya Wafaransa, ni wepesi, wakali kidogo, wana akili ya kujitoa kwenye matatizo. Baloubet du Rouet alishinda fainali ya Kombe la Dunia 1998, 1999 na 2000 na Rodrigo Pessoa, na dhahabu ya Athens 2004 ikawa yao. Diamant de Semilly naye damu yake imeenea kila mahali. Nenda Normandie kama unajua kupanda vizuri. Anayejifunza, hapana.

Hanover nimewaacha nje kwa makusudi, zizi la Celle lipo tangu 1735 na minada ya Verden ni mizuri, ila nguvu yao kubwa ni dresaji na hapa naongelea kuruka.

Kabla hujalipa

Miaka kadhaa nyuma nilimsaidia mtu kununua dume mchanga, baba jina kubwa sana, video safi, muuzaji mmoja hivi akatuambia eksirei zitakuja baadaye, na mimi nikanyamaza kwa sababu nilipenda yule farasi. Eksirei zilipokuja kulikuwa na kipande cha mfupa kinaelea kwenye kifundo cha nyuma. Operesheni, miezi ya kupumzika, na yule jamaa alikuwa ameweka akiba miaka minne. Bado inaniuma. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nilikuwa naujua huo msemo tangu utoto na siku ile sikuutumia.

Kwa hiyo eksirei kwanza, na isomwe na daktari wako, asiwe wa muuzaji. Kama unanunua jike wa kuzalisha, pima damu kwa ule ugonjwa wa ngozi tete wa watoto, WFFS, karibu mmoja kati ya kumi wa damu vuguvugu anaubeba bila kuonyesha chochote, na ukikutanisha wabebaji wawili kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto asiyeweza kuishi. Kwenye mnada bei ya nyundo bado haijakamilika, kuna kamisheni, kodi, usafiri na bima.

Na mnaoleta Kenya, tafadhali sana. Farasi wa Ulaya hajawahi kukutana na ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaletwa na usubi na unaua haraka. Panga chanjo na daktari kabla ndege haijapaa, alafu mfungie ndani kabla jua halijazama mpaka asubuhi iwe imepambazuka, maana usubi unauma jioni na alfajiri, msimu wa mvua ndio mbaya zaidi. Pia jua kwamba kumrudisha Ulaya kumuuza ni kazi ngumu sana kwa sababu ya ugonjwa huo huo, kwa hiyo anayeenda huko anaenda kukaa.

Mwenye tangazo la farasi na hana uhakika anitumie ukurasa wa nasaba, lakini utume wote, na ule upande wa chini wa mama msiukate.