Uzoefu Wangu wa Kuchora kwa Fomula katika LibreOffice Calc

Ninatunza hesabu za karakana ndogo ya kuchapisha fulana na leso hapa Kondele, Kisumu, kwa hivyo LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali yaani majedwali ya hesabu, ndiyo ninayoifungua kila asubuhi kabla ya nyingine yoyote. Kwa muda sasa nimekuwa nikiitumia pia kwa kazi ambayo wengi hawaitarajii kutoka kwa lahajedwali, yaani kuchora maumbo ya kihisabati ambayo baadaye tunayachapisha kwenye vitambaa. Maoni haya yanahusu kazi hiyo peke yake. Kuhusu orodha za bei na mishahara, mengi yamekwisha kuandikwa na sina la kuongeza.

Programu yenyewe haiuzwi. Inasimamiwa na The Document Foundation, shirika lenye makao yake Ujerumani, nayo ilianza mwaka wa 2010 pale sehemu ya waundaji wa OpenOffice.org, programu iliyoitangulia, walipojitenga. Kuipakua kunakula zaidi ya megabaiti 300, lakini ikishaingia kwenye kompyuta haidai intaneti tena, jambo ambalo mtu anayenunua bando kwa siku atalithamini. Fomula nitakazozitaja zinafanya kazi vilevile katika Excel na Google Sheets, isipokuwa moja ambayo nitaieleza ikifika zamu yake.

Msingi wa kazi ni mwepesi. Safu ya A hubeba namba ya nukta, kuanzia 1. Safu ya B hukokotoa mahali pa nukta hiyo kulia au kushoto, na safu ya C mahali pake juu au chini. Kisha chati ya aina ya XY huzipanga nukta zote kwenye uwanja mmoja. Fomula unaiandika mara moja katika mstari wa kwanza, unaikokota kwenda chini, na kufumba na kufumbua mistari 1,500 imejaa. Ninachokipenda zaidi, na ambacho sijakipata katika programu za kawaida za uchoraji, ni kwamba kila nukta inaweza kuulizwa ilikotoka. Nukta ikikaa mahali nisipopatarajia, naifungua chati, naiwekea kipanya juu yake, programu inanionyesha namba yake na thamani zake, nami narudi kwenye mstari huohuo kusoma hesabu iliyoipeleka pale.

Umbo la kwanza ambalo ningemshauri mtu yeyote aanze nalo ni kichwa cha alizeti. Katika seli ya B2 andika =SQRT(A2)*COS(RADIANS(A2*$F$1)), na katika C2 andika fomula hiyohiyo ila SIN ichukue nafasi ya COS. Seli ya F1 iwe na pembe, nayo ni digrii 137.508. Kanuni hii ilichapishwa na Helmut Vogel mwaka wa 1979, na pembe yenyewe inatokana na uwiano wa dhahabu: chukua digrii 360, uzizidishe kwa 1 kutoa 0.618034. Kipeuo cha pili (SQRT) ndicho kinachozuia nukta zisisongamane katikati na kutawanyika pembezoni, kwa sababu eneo la duara hukua kwa mraba wa nusu kipenyo, hivyo kila nukta hupata kipande chake cha uwanja kilicho sawa na cha mwenzake. Chati ikitokea, unaona makundi mawili ya mizunguko yanayokatana, moja likielekea kulia na jingine kushoto, bila hata mzunguko mmoja kuwa umeandikwa popote katika fomula. Anayetaka kuthibitisha kwamba mambo haya si ya kwenye kioo tu, na apite soko la Kibuye, achukue nanasi na kuhesabu mistari ya magamba yake: mara nyingi atapata 8 upande mmoja na 13 upande wa pili.

Utamu wenyewe umo katika seli ya F1. Ukiandika 120 humo, ua zima linaporomoka na kubaki mistari mitatu iliyonyooka kutoka katikati. Ukiandika 90, inakuwa minne. Ukiandika 137.3, ambayo ni pungufu kwa takriban moja ya tano ya digrii tu, mbegu zinaachana na kufanya mikono inayopinda kuelekea upande mmoja, na nafasi tupu zinajitokeza baina yake. Sijui somo lolote la darasani ambalo lingenionyesha kwa haraka namna hiyo jinsi desimali inavyoweza kubeba uzito.

Kisha nikaweka =360/PI(), na hapo ndipo nilipokaa kwa muda mrefu zaidi. Inatokea mikono 22 iliyopinda taratibu. Kwa nini 22? Kwa sababu hatua 22 za pembe hiyo ni karibu mizunguko 7 kamili, lakini si kamili: zinapitiliza kwa digrii moja na chembe, na kupitiliza huko ndiko kunakoupinda mkono, kiasi kwamba ukifika nukta ya 1,500 umekwisha kugeuka kwa takriban digrii 69. Sasa badilisha seli hiyo iwe =360*7/22, yaani uchukulie pai kuwa 22/7 kama karatasi zetu za mitihani zinavyotuagiza, na mikono yote 22 inanyooka papo hapo kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Tofauti kati ya picha hizi mbili ndiyo kosa lililofichwa ndani ya 22/7, likiwa limekuzwa hadi linaonekana kwa macho. Mpwa wangu aliye kidato cha nne alizitazama zote mbili akasema, "Mjomba, kumbe hiyo pai wanayotupa ni ya kukadiria!" Amekuwa akiitumia tangu shule ya msingi. Picha yenye mikono iliyopinda ndiyo iliyochaguliwa pia na mteja wetu mmoja, mweka hazina wa chama cha akina mama, kwa ajili ya mgongo wa fulana zao. Ile iliyonyooka aliiona imelala.

Maumbo ya magurudumu ni kazi tofauti kidogo, kwa kuwa hapa unaunganisha nukta kwa mstari. Hii ni hesabu ileile ya Spirograph, kifaa cha kuchezea cha Mwingereza Denys Fisher kilichoingia sokoni mwaka wa 1965, ambamo gurudumu dogo lenye meno huviringika ndani ya pete huku kalamu ikipita katika tundu lake. Safu ya A hapa haibebi tena namba ya nukta, bali pembe kwa radiani inayopanda kwa hatua ndogondogo. Weka meno ya pete katika F1, ya gurudumu katika F2, na umbali wa kalamu kutoka katikati ya gurudumu katika F3. Safu ya B inakuwa =($F$1-$F$2)*COS(A2)+$F$3*COS(($F$1-$F$2)/$F$2*A2), na safu ya C inatumia SIN mahali pa COS, na alama ya kutoa mahali pa ile ya kujumlisha iliyoko kabla ya F3. Pete ya 96 na gurudumu la 36 hutoa nyota ya ncha 8 baada ya mizunguko 3, kwa sababu kigawo kikubwa cha shirika cha namba hizo ni 12, na 96 kwa 12 ni 8. Mteja akitaka ncha kadhaa, sibahatishi: seli moja yenye =F1/GCD(F1,F2) inanijibu kabla sijachora chochote. Pete ya 105 na gurudumu la 52 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, hivyo unapata ncha 105 na utando mzito ambao ukisogeza A kwa 0.05 kila hatua unadai zaidi ya mistari 6,500.

Nimejaribu pia pembetatu ya Sierpiński, Mpolandi aliyeieleza mwaka wa 1915, kwa njia ya bahati nasibu: kila nukta inachagua kona moja kati ya tatu kwa kubahatisha, kisha inasimama katikati ya pale ilipo na kona hiyo. Inafanya kazi vizuri ajabu. Tatizo ni kwamba RANDBETWEEN, fomula inayotoa namba ya kubahatisha, hurusha upya kila unapogusa seli yoyote, na picha iliyokupendeza inapotea. Dawa yake ni RANDBETWEEN.NV, iliyoongezwa katika toleo la 7.0, ambayo huiacha namba itulie. Hiyo ndiyo fomula niliyosema haihami: Excel haiitambui.

Sasa upungufu. Chati haina kitufe cha kuamuru duara libaki duara. Inajinyoosha kufuata fremu yake, hivyo alizeti yako huzaliwa ikiwa na umbo la yai. Lazima uweke mipaka ya mihimili yote miwili kwa mkono, kwa nukta 1,500 mimi huweka −40 hadi 40, kisha upime eneo la ndani la chati hadi marefu na mapana yalingane, na mwishowe ufute mihimili na gridi. Rangi nazo zinachosha, maana kundi moja la data hupewa rangi moja. Nikitaka tatu, nagawa safu ya C katika safu tatu kwa fomula kama =IF(MOD(A2,3)=0,C2,NA()), nikibadilisha baki kuwa 1 na 2 katika zile nyingine; nukta zenye NA() hazichorwi, na kila safu inapakwa rangi yake. Kwa alizeti, kugawa kwa 8 au kwa 13 kunapendeza kuliko kugawa kwa 10, kwa sababu rangi zinafuata mizunguko yenyewe.

Kompyuta yangu ni ya zamani, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu, na chati za maelfu ya nukta zinaifanya isite kila ninapobadilisha seli. Nimezoea kuzima ukokotoaji wa kiotomatiki na kubonyeza F9 ninapokuwa tayari. Mwenye mashine mpya huenda asihitaji hata kujua kwamba kitufe hicho kipo.

Wapo watakaouliza kama wanaweza kuchora sura ya mtu au machweo ya Ziwa Victoria. Mjapani Tatsuo Horiuchi amejulikana duniani kwa mandhari anayoyachora ndani ya Excel, lakini yeye hutumia maumbo ya kuchora kwa mkono, si fomula wala chati, na njia hiyo inadai jicho la mchoraji. Ninayoieleza mimi inadai subira ya mtu wa hesabu, nayo haitakupa uso wa mtu.

Kwa upande wa uchapishaji sina lawama. Ukibofya chati kwa kitufe cha kulia unaweza kuihifadhi kama picha ya SVG, ambayo inakuzwa kutoka mfuko wa shati hadi bango bila kingo zake kuchakaa. PNG ninaitumia tu kumtumia mteja sampuli kwa WhatsApp. Mistari myembamba sana hupotea kwenye kitambaa cha pamba, kwa hivyo inenepeshe katika chati kabla ya kuihifadhi. Na ukimpelekea mchapishaji kazi, mpelekee hiyo SVG, usimpe faili la lahajedwali, kwa sababu chati ikifunguliwa katika programu nyingine mara nyingi hurudi na vipimo vingine na duara lako linageuka yai tena.