Masomo yao yamenifaa, lakini pointi zangu ziko wapi?

Nina hasira, wacha niseme ukweli. Nimelipia masomo ya wauguzi yanayotumwa kwa baruapepe: kila wiki somo moja na maswali, ukipita unapata pointi za kufanya upya leseni kwa Baraza la Wauguzi. Mwezi mmoja hivi uliopita nilikuwa zamu ya usiku, siku nne mfululizo, leba wodi. Somo liliingia usiku wa kwanza, nikalisoma wakati wa chai, maswali nikayaweka nijibu baadaye. Asubuhi ya mwisho niko ndani ya matatu pale Ngara, Nairobi, nafungua simu: maswali yamefungwa, saa 72 zimepita. Muuguzi wa usiku unampa saa 72!

Nikawaandikia, barua ikarudi. Nikapiga simu. Kijana akaniuliza, "Kwani madam, hata dakika kumi ulikosa?" Nikamwambia tulikuwa wawili, akina mama kumi na mmoja. "Mfumo umeshafunga, madam." Akakata simu. Akanikatia mimi simu!

Nilitaka kuwaambia msijiunge kabisa. Lakini nitakuwa nadhulumu, maana somo lenyewe lilihusu mama kuvuja damu baada ya kujifungua. Lilieleza utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, uliofanyika Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini: damu usiikisie kwa macho, mtandikie mama plastiki yenye mfuko wa kupimia. Akivuja, kanda tumbo la uzazi, oksitosini (dawa ya kulibana tumbo hilo), asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kuvuja damu), dripu, mkague, yote kwa pamoja. Usingoje moja ishindwe ndipo ushike nyingine. Miaka yote hii nimekuwa nikikisia, na shuka zikinidanganya.

Usiku wa tatu, damu ikapita mstari wa mililita 500 huku mama anaongea vizuri tu. Zamani ningengoja kidogo. Nikamwita mwenzangu, akakanda, mimi nikadunga traneksamiki gramu moja, polepole, dakika kumi nimeshika sindano, macho kwenye saa ya ukutani. Damu ikapungua. Kulipokucha mama alikuwa ananyonyesha.

Sasa niambieni, kuna mtihani gani mwingine? Na kwenye rekodi yangu ya wiki hiyo wameandika sifuri.

Nilisema sitalipa tena. Nimelipa, juzi tu. Lakini yule kijana sijamsamehe, na pointi zangu nazidai.