Susu la Springi: Hodari wa Kubembeleza, Si Kitanda cha Usiku

Mzazi anayetafuta cha kumtulizia mtoto mchanga hapa Mombasa atayakuta masusu ya springi katika maduka ya Biashara Street, nami hili nililinunua katika mojawapo. Lina fremu ya mabomba ya chuma inayokunjika, springi nene, ndoano, na kitambaa cha wavu anamolazwa mtoto.

Kwa kazi ya kubembeleza, sijaona kifaa kinacholishinda. Springi humpandisha na kumshusha mtoto taratibu, karibu sawa na mwendo wa mtu anayetembea naye, na mguso mdogo wa mkono hutosha kuuendeleza, jambo ambalo ni nafuu kubwa kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji na ambaye bado hawezi kumzungusha mtoto chumbani. Wakati wa kaskazi wavu huo ni neema, kwa kuwa upepo wa feni hupita kila upande na mgongo wa mtoto hauloi jasho.

Muuzaji alisisitiza kwamba mtoto anaweza kulala humo hadi asubuhi, na hilo silikubali hata kidogo. Kitambaa hubonyea kwa uzito wa mtoto, kidevu kikaelekea kifuani, na kwa kichanga ambaye shingo yake haijakaza, mkao huo unaweza kubana njia ya hewa bila yeye kutoa sauti yoyote. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2022, kinataka mtoto alazwe chali juu ya godoro gumu na tambarare lisilo na mito, na mwaka huohuo sheria ya nchi hiyo ilipiga marufuku vitanda vya watoto vyenye mwinuko unaozidi nyuzi 10.

Kwa hiyo mimi hulitumia kumsinziisha tu, nikiwa kando yake, kisha humhamishia kitandani chini ya chandarua. Kumhamisha ndiyo kazi yenyewe, maana wengi huamka pale pale. Watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani walishauri mwaka 2022 kwamba mtoto anayelia abebwe na kutembezwa kwa dakika 5, na akishasinzia mzazi aketi naye dakika 5 hadi 8 kabla ya kumlaza. Nikimtoa susuni hukaa naye kifuani kwa kadiri hiyo, na mara nyingi hufaulu.

Kuhusu uimara, ndoano imeanza kushika kutu kwa hewa ya bahari, na hakuna palipoandikwa uzito ambao susu linaweza kubeba. Anayenunua aulize uzito huo, alijaribu dukani kwa paketi kadhaa za unga wa kilo 2, aikague ndoano na mishono mara kwa mara, na aache kulitumia mara mtoto atakapoanza kujigeuza.