Mkopo wa kikundi Mbagala: riba sio mbaya, tatizo ni rejesho la kila wiki

Hii ni kwa wale mnaouliza kuhusu mikopo ya vikundi vya kina mama. Mimi nimekopa kwenye taasisi moja hapa Mbagala, jina naliacha. Kwanza niwape haki yao: leseni wanayo, mkataba uko kwa Kiswahili na riba ni 3.5% kwa mwezi, ndo kikomo cha Benki Kuu (BoT), sio kama wale wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa wanaokuja kubeba mpaka godoro.

Sasa hesabu. Laki tano kwa miezi minne riba yake elfu sabini, unarejesha 35,625 kila wiki kwa wiki 16. Ila laki tano yenyewe huioni yote maana wanashika elfu hamsini ya dhamana, bado fomu na bima, na riba inapigwa kwenye laki tano nzima hadi wiki ya mwisho wakati deni lilishapungua. Na rejesho la kwanza ni wiki inayofuata! Yaani hela haijazunguka ushaanza kuilipa. Mwenye genge atajikongoja kwa sababu anauza kila siku, ila dada mmoja wa kikundi chetu alinunua cherehani mwezi wa tisa na wateja wake wa sare wanakuja shule zikifungua Januari, ikawa rejesho anatoa kwenye hela ya kula. Siku aliyokosa tulikaa barazani mpaka saa nane mchana, afisa mikopo hafungi daftari, mpaka tukamchangia. Iliniuma sana, mtu kakopa apunguze umasikini sasa anadaiwa na majirani pia.

Kolkata huko India watafiti waliwahi kuwapa wakopaji miezi miwili kabla ya kuanza kulipa badala ya wiki mbili, na baadae faida za biashara zao zikazidi za wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, ndo maana taasisi zinaogopa, lakini si waangalie basi na aina ya biashara ya mtu?

Kwa hiyo kama unauza mboga au samaki chukua, utazungusha. Ada ya shule usikopee huku kabisa. Wa cherehani aanzie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata aulizie ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, haina riba, ila muwe kikundi na muwe na subira.

Nyota tatu. Wakisogeza rejesho la kwanza hata mwezi mmoja naongeza ya nne.