Kitufe cha kuzima kelele za spidi kwenye Dacia Duster, baada ya miezi minane

Wakuu habari zenu. Kuna watu kama watatu wamenifuata inboksi kuulizia hii gari yangu Dacia Duster na swali lao ni lile lile, vipi zile kelele za spidi zinazimika au ndo mtu unaishi nazo? Zinazimika, tena kirahisi, ngoja nielezee vizuri.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjakutana na hii kitu, huku Umoja wa Ulaya kuanzia tarehe 7 Julai 2024 gari yoyote mpya inayouzwa lazima iwe na mfumo wa kukuonya ukizidisha spidi. Kamera ya kwenye kioo cha mbele inasoma vibao vya barabarani, inasaidiana na ramani, ukipita kiwango gari inaanza kulia. Siyo kama ile sauti ya mama wa Kijapani kwenye Toyota IST inayoongea ukiwasha gari halafu basi inanyamaza, huu mfumo unakufuata safari nzima. Sheria inakuruhusu kuuzima lakini ukizima gari ukawasha tena mfumo unarudi wenyewe. Kwa hiyo swali la kuuliza ukinunua gari huku ni moja tu, kila asubuhi ntahangaika kiasi gani kuzima hii kitu?

Gari niliyokuwa naendesha kabla ya hii, ya kampuni nyingine siitaji, ilikuwa mateso. Unaingia kwenye skrini, unatafuta setingi, unafungua ukurasa, unafungua mwingine, unazima, inakuuliza una uhakika, na mi naingia kazini saa kumi na moja alfajiri, giza, baridi, vidole vimekufa ganzi. Mama alikuja kututembelea kutoka Tanga, Jumapili tunapita mbele ya shule, pale kuna kibao cha 30 na chini yake kibao kidogo kinasema Jumatatu hadi Ijumaa tu. Kamera imesoma 30, hicho kidogo haijakisoma, mi niko 48 kwenye barabara ya 50, gari ikaanza ting ting ting. Mama akashika mkanda wake, akaukagua, akageuka kuangalia mlango wa nyuma kwa mtoto, akaniambia "mwanangu gari ina tatizo hii, simama kwanza tuangalie". Mtoto naye akaamka. Na siku nyingine kwenye Autobahn, barabara kuu za Ujerumani, sehemu isiyo na kikomo cha spidi nilikuwa nyuma ya basi, mabasi ya hapa Ujerumani mengine yana kibandiko cha 100 kwa nyuma, yaani spidi ya mwisho ya basi lenyewe, gari yangu ikaamini mwisho wa barabara ni 100. Ikafika mahali hata ikilia kwa haki siisikii tena, na hapo ndo hatari yenyewe, maana mlio unaodanganya mara tano kwa safari moja sikio linaacha kuuamini.

Sasa Duster. Kushoto kwa usukani kuna kitufe cha kweli, cha kubonyeza, siyo picha kwenye skrini, kinaitwa My Safety. Mara ya kwanza unaingia kwenye setingi unachagua vitu usivyovitaka, mi nilichagua mlio wa spidi na ule wa kutoka kwenye mstari wa barabara, breki ya dharura inayojifunga yenyewe sikuigusa kabisa na nakuomba na wewe usiiguse. Baada ya hapo kila ukiwasha gari unabonyeza mara mbili, kwisha. Nafanya kwa kupapasa gizani hata sijafunga mkanda. Mke wangu ambaye ile gari nyingine alikataa kabisa kuiendesha, hii alifundishwa siku moja tu.

Ubaya ni kwamba ukisimama kuweka mafuta ukazima, ukiwasha unabonyeza upya. Hilo ni la sheria. Kia na Hyundai nyingi za sasa nazo unashikilia kitufe cha kunyamazisha sauti kwenye usukani sekunde kadhaa, nimejaribu ya rafiki yangu, ni nzuri pia.

Kuna fundi aliniambia ataichomekea laptopu kwenye soketi ya OBD, ile ya mafundi kukagulia gari kwa kompyuta, auzime mfumo moja kwa moja. Nilikataa. Gari ikishachezewa hivyo kibali chake cha kutembea barabarani kinaweza kuingia matatani, na ukipata ajali bima wakagundua utaeleza nini? Na wanaoziba kamera kwa selotepu jamani acheni, kwenye gari nyingi kamera hiyo hiyo ndo inaisaidia breki ya dharura kumuona mtoto anayekatiza.

Na huu mlio siuzimi kila siku. Nikienda mji nisioujua nauacha ulie, maana mitaa ya 30 inakuja ghafla, na mjini hapa hata ukizidisha chini ya 10 ni euro 30, ukizidisha 21 ni euro 115 na pointi ya adhabu kwenye rekodi yako ya udereva juu.

Ukienda dukani kujaribu gari mpya, kabla hujauliza bei mwambie muuzaji azime mlio wa spidi mbele yako huku wewe unahesabu amebonyeza mara ngapi, halafu azime gari, awashe, afanye tena. Akihangaika yeye anayeziuza kila siku, usisaini.